Mimi Ndiye Niliyefungua Zizi

Innocent, baba yangu,

Nguo zako zimekunjwa, ziko juu ya kitanda. Mambo ya chakula cha njiani na dawa ya malaria muulize dada yako Furaha; yeye ndiye anayeyapanga tangu asubuhi, na kelele zake umezisikia. Mimi sitakuambia uvae koti wala usinywe maji ya kila mahali. Una ndevu sasa. Weye umetoka kuaga rafiki zako, mimi nimebaki hapa mezani, na kama ningengoja urudi ndipo niseme ninachotaka kusema, ningekisema kwa sauti ambayo ingetoa mtaa mzima wa Rwambuzi nje kusikiliza. Kwa hiyo naandika. Nina hasira nawe, Inno. Nina hasira mpaka herufi zinalala upande, mimi niliyefundisha watoto wa watu mwandiko ulionyooka tangu kabla hujazaliwa.

Kesho unakwenda Kisangani na kitabu chako. Wamekikubali, watakichapa, na juu ya hapo wamekupa kazi kwenye nyumba yao ya vitabu, utakuwa unasoma na kusahihisha maandiko ya wengine. Nilipopata habari hiyo nilipiga vigelegele, majirani wakafikiri tumepata mjukuu. Shangwe ile ilikuwa ya kweli na sijaifuta. Lakini Jumapili ukatusomea ile sura katika ukumbi wa parokia.

Nilikaa mbele kabisa. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya na kilemba chake, mama wa mwandishi! Ukaanza kusoma habari za siku ya vita tuliyokimbia kwetu Fataki, na mimi nikajiweka sawa kwenye kiti ili nisikie habari zangu.

Katika kitabu chako mama anapiga magoti mlangoni na kulia. Baba anamshika bega, anamwambia, "Simama, tuondoke." Baba anafungua zizi na kuwaachilia ng'ombe, kwa sababu baba ana hekima na anaona mbali. Baba anakubeba mabegani. Mama anafuata nyuma, analia. Wanafika mtoni, mama analia. Wanaingia Bunia, mama bado analia. Mungu wangu! Nilitamani kusimama nimpelekee leso huyo mwanamke. Kurasa zote hizo hakufungua mdomo hata kuomba maji.

Watu walilia. Wakapiga makofi mpaka padri akasimama. Halafu wakaja kunishika mikono, mmoja mmoja, kama tuko matangani. "Mama Inno, pole sana. Kumbe uliteseka hivi na haukusema kitu!" Mimi! Mimi sikusema kitu! Wale walionijua Fataki wangekuwepo, wangecheka mpaka waanguke.

Tukiwa njiani kurudi nilikuuliza polepole, maana bado nilikuwa najizuia: "Inno, juu ya nini mama ya mu kitabu hasemi?" Ukacheka. Ukanishika bega, vilevile kama baba wa kwenye kitabu, ukasema, "Mama, ile iko romani tu, hadithi ya kutunga. Mama mwenye anafokafoka, wasomaji hawatamuhurumia." Nimenyamaza wiki nzima, nawe ukafikiri ni huzuni ya kuachana. Nani alikuambia nataka kuhurumiwa?

Sasa sikiliza.

Mimi ni binti wa ziwani, upande wa Mahagi, hilo unalijua. Baba yangu alivua samaki, mama yangu aliwauza. Nilipoolewa Fataki, kwa watu wa ng'ombe, bibi yako aliniita mutoto ya samaki mpaka siku alipokufa, na kila nilipokaribia zizi alinifukuza, ati nitawapa ng'ombe harufu. Baba yako alikuwa anacheka tu. Alikuwa mtu mzuri, baba yako, usinielewe vibaya. Lakini ng'ombe wale walikuwa kwake zaidi ya ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na jina. Baadhi yao walikuwa wa mahari ya baba yako mudogo Pilo, ambaye alikuwa bado hajaoa, na baba yako kama mkubwa wa familia ndiye aliyeachiwa kuwalinda.

Siku ile majirani walikuwa wameshapita na magodoro vichwani. Risasi zilikuwa zinasikika upande wa juu. Nilikuwa nimekwisha kumfunga Furaha mgongoni, weye nimekuvalisha suruali mbili, moja juu ya nyingine. Natoka nje, namwona nani? Baba yako, amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa zizi, fimbo juu ya magoti.

"Tuende," nikamwambia.

"Miye siendi. Ng'ombe iko hapa, na miye niko hapa."

"Na watoto iko wapi?"

Alikuwa anaangalia fimbo yake. Nikasema tena, "Baba Inno, ninakuuliza. Watoto iko wapi?"

Akasema, "Nitamuambia Pilo nini?"

Hapo kitu kikanipanda kichwani. Si machozi, Inno. Sijui kwa nini nyinyi nyote mnadhani mwanamke akipandwa na kitu, lazima kitokee machoni. Ilikuwa hasira, hii hii ninayoandikia sasa. Nilikuwa na mwiko mkononi, hata sijui nilitoka nao vipi jikoni. Nikavuta miti ya mlango wa zizi, mmoja baada ya mwingine, nikaingia ndani, mutoto ya samaki ndani ya zizi, nikaenda moja kwa moja kwa yule jike mkubwa anayeongoza wenzake. Nikampiga matakoni kwa mwiko na kupiga kelele kama mwenye wazimu. Wakatoka wote, wakashuka bondeni. Baba yako akasimama, akanikamata mkono, akainua fimbo. Nikamwambia, "Unipige haraka, halafu tuende."

Fimbo ilikaa juu, kisha ikashuka. Tukaenda.

Hakuna mtu aliyekubeba mabegani. Ulikuwa na miguu yako. Ulitembea umeshika kitenge changu, na ulilalamika njaa njia nzima. Na pale mtoni, kwenye zile kurasa ambazo watu walizililia zaidi, aliyelia ni baba yako. Alikaa kwenye jiwe, akaanza kuwaita ng'ombe wake kwa majina, jina moja moja, machozi yanashuka mpaka kwenye shati. Alilia kwa sauti. Watu waliokuwa wanapita walimtazama. Mimi nikasimama mbele yake, nikatandaza kitenge kwa mikono miwili ili wasimwone. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda baba yako saa ile, na ni mimi niliyemfanya alie.

Kwa hiyo machozi yale nayajua vizuri. Umeyatoa kwenye uso wake ukanipakaza mimi. Mdomo wangu ukaushona, na zizi ukampa yeye. Halafu ukafunga kitabu, ukainama kidogo mbele ya watu, na mimi nikapiga makofi pamoja nao kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi.

Sasa kuna jambo linaloniudhi kuliko hayo yote, na hili siwezi kukutupia weye peke yako. Ile sentensi uliyofungia sura, "na mke wake mvumilivu akamfuata kwa machozi," uliiokota wapi? Ni yangu. Niliiandika mimi, hapa hapa mezani, baba yako akiwa amelala kwenye jeneza sebuleni.

Kazi yangu ya pembeni unaijua. Hapa Bunia mtu akifa, lazima historia ya marehemu isomwe kabla ya kumzika. Binti akija kuposwa, lazima yawepo maneno ya kupokea wageni wa mahari. Wanaosoma ni wanaume: baba mudogo, kaka mkubwa, msemaji wa familia ndani ya suti yake. Anayeandika ni Madamu, ndiyo mimi, jioni nikitoka shuleni, kwa sabuni na sukari na aksanti. Nimeandika maneno ya wanaume wengi wa mtaa huu. Wengine nikipita njiani wananisalimia kwa sentensi zangu mwenyewe, na wanazitamka vibaya.

Baba yako alipofariki, Pilo alikuja akakaa pale unapozoea kukaa weye. "Shemeji, utuandikie historia ya yaya," akasema, maana ndivyo alivyomwita kaka yake. "Lakini ile ya ng'ombe, tutaisema aje? Watu watasikia namna gani kama mwanamke njo alifukuza ng'ombe ya familia?" Hakunilazimisha. Ningeweza kumwambia atoke. Lakini nilikuwa mjane wa jana, nilitaka mume wangu asifiwe, na nilidhani karatasi ya matanga inakwisha pamoja na matanga. Nikaandika kwamba kwa hekima yake alifungua zizi. Neno "mvumilivu" hata sikulitafuta, lilikuja lenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuwapa wanawake wote wa Bunia neno hilo, kila mmoja lake, hata wale waliokuwa wanawakimbiza waume zao na ufagio.

Weye ulikuwa kijana mzima wa shule ya sekondari, umesimama karibu na jeneza. Ulimsikiliza Pilo akisoma. Siku ya Fataki ulikuwa mdogo, na mambo yaliyosomwa kwa sauti kubwa mbele ya watu yakakaa mahali pa yale uliyoyaona kwa macho yako. Hilo nakusamehe. Lakini nakumbuka pia kwamba asubuhi ile Pilo alikuvuta pembeni akakuambia mwanaume halii. Nilikuona ukiyameza machozi. Hukulia siku ile, wala sijakuona ukilia tena mpaka leo. Nafikiri machozi yako nayo ulimpelekea yule mwanamke wa kwenye kitabu akulilie. Amebeba ya baba yako, amebeba ya kwako, ndiyo maana hawezi kusema, maskini. Angepata wapi nafasi?

Na usiniambie ni romani tu. Unamkumbuka Neema, jirani yetu, yule wa samaki wa kukaanga? Sauti yake ilikuwa inafika barabarani kabla yeye mwenyewe hajatoka nyumbani. Alipoposwa, baba yake aliniomba maneno ya kupokea wageni, nikamwandikia: binti yetu ni mtulivu, hana maneno mengi. Siku yenyewe watu walicheka, hata Neema alificha uso ndani ya kitenge akicheka. Tukala, tukacheza, yakaisha. Kumbe hayakuisha. Kila alipofungua mdomo kwa mume wake aliambiwa, "Siku ya mahari walisoma hapa, hauna maneno mingi. Leo yanatoka wapi?" Alikuja kwangu na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni, hakukubali hata kukaa.

"Madamu, iko weye uliandika?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Basi ufute."

Nifute wapi, Inno? Kwenye kichwa cha nani? Nilimpa chai akaikataa. Alikuwa na haki ya kuikataa. Tangu siku ile kila ninaposhika kalamu kuandika habari za mwanamke namwona amesimama pale mlangoni, na bado nimeandika uongo mwingine baada ya hapo, maana watu wanakuja na msiba na wanataka maneno waliyoyazoea. Ndiyo ujue ninayekufokea si mtakatifu.

Dada yako ananicheka. Furaha anasoma hadithi kwenye simu, zile wanazoandika wasichana wa hapa na wa Goma na kutumiana. Alinisomea moja. Mwanamke wa humo anakula kwanza, anatukana, anamwacha mume, anarudi kuchukua sufuria yake, anaondoka tena. Mwanaume wa humo anafua nguo za mtoto na anaogopa panya. Nilishtuka. Nikasema, "Eh, Furaha, wanawake gani hawa?" Akaniangalia tu. Akasema, "Mama, ni weye huyo." Nilimfukuza chumbani. Jioni nikamwita arudi anisomee sehemu inayofuata, na sasa yule msichana akichelewa kuituma nakasirika.

Nakuambia hayo juu ya ile kazi uliyopewa. Siku moja msichana ataleta karatasi zake mezani pako, huko Kisangani, na ndani yake kutakuwa na mama anayefoka. Weye na kalamu yako utaandika pembeni: huyu hapendezi, apunguze maneno. Naiona kabisa, naona mpaka mwandiko wako, maana mimi ndiye niliyekufundisha. Ukifanya hivyo, sitaki kusikia kwamba unanitumia kitenge cha Krismasi. Kivae mwenyewe.

Sikuombi unifanye shujaa. Uandike kwamba niliogopa tangu asubuhi. Uandike kwamba ng'ombe hatukuwapata tena, kwamba Pilo alichelewa kuoa kwa sababu yangu, na kwamba baba yako alikaa muda mrefu hapa Bunia bila kunitazama usoni, mpaka nikafikiri nimempoteza pamoja na ng'ombe wake. Uandike kwamba hata leo sijui kama tungeweza kuwasukuma mbele yetu, baadhi tu, kama ningempa nafasi ya kufikiri. Hayo ndiyo yananitesa usiku, kama unatafuta mateso ya kuweka kitabuni. Lakini mwiko ubaki mkononi mwangu. Na baba yako umrudishie kilio chake. Unaogopa watamdharau? Miaka hii yote mimi ndiye niliyekaa naye, na sikumdharau hata siku moja juu ya kile kilio. Nilimdharau mara nyingine, juu ya mambo mengine, na hayo hayakuhusu.

Najua utasema kitabu kimekubaliwa vile kilivyo, mama, wameshasoma, wamependa. Basi waambie wangoje. Au toa sura nzima, nitaelewa. Ila usinipeleke kwenye matbaa nimepiga magoti, watoto wa watoto wako wanikute nimepiga magoti hivyo hivyo na hakuna wa kuwaambia.

Na sasa nikuambie kilichoniuma hasa, halafu ninyamaze. Kitabu hicho umekiandika chumba cha pili, ukuta mmoja kati yetu. Nilikuletea chai. Nilipunguza redio ili uandike. Jioni moja nilikusikia unampigia simu Pilo, unamuuliza zizi letu la Fataki lilikuwa kubwa kiasi gani na mlango wake ulifungwaje. Pilo! Pilo siku hiyo hakuwepo hata Fataki! Mimi niliyevuta miti ile kwa mikono hii nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nachambua maharagwe, na nilikuwa nakusikia. Nikangoja uje. Nikachambua maharagwe ya siku mbili. Hukuja. Hujawahi kuniuliza, Inno, si jioni ile, si kabla, si baada. Umeandika kitabu kizima juu ya mama yako bila kumuuliza mama yako swali hata moja.

Kwa hiyo kesho asubuhi gari ya Kisangani ikipiga honi, utakuta mlango wa parseli, geti la uwanja wetu, umefungwa kwa kufuli. Ufunguo uko kwangu, ndani ya nguo, usijaribu kumtuma Furaha. Dereva aseme anachotaka, na abiria wengine watukane wakichoka. Uje ukae mbele yangu, utoe kalamu, uniulize. Uliza unachotaka, hata mambo unayoona aibu kumuuliza mama. Nitakujibu yote nawe utaandika. Ukimaliza nitakufungulia, nitakubebea na valizi ya nguo zako mpaka kwenye gari.

Pengine nitalia ukiondoka. Hayo unaweza kuyaandika, hayo ni ya kwangu.

Mama yako